Cheni Ilivyolia Kuelekea Ilula

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji pale Mbalizi. Mjukuu wangu Neema alikuwa anahangaika na gari lake, mimi nahangaika na magoti yangu. Neema ni muuguzi. Gari alilinunua kwa mtu, limeshatembea, na siku hiyo alikuja kunichukua twende Iringa kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Akasema, bibi, njia ni ndefu, tupite kwanza kwa fundi achungulie. Basi tukapita.

Fundi mwenyewe anaitwa Shabani, mtu mzima, ndevu zina mvi, kofia yake nyeupe imeshageuka rangi ya oili. Babu yake alikuja Mbeya kutoka pwani kuuza vitambaa, akaoa, akabaki. Hayo aliniambia kwa sababu nilimuuliza. Mimi siwezi kukaa na mtu nusu saa bila kujua katoka wapi na mama yake aliitwa nani. Shule niliishia darasa la tatu, lakini majina hayanipotei.

Shabani akafungua kifuniko kimoja cha plastiki mbele ya injini, akamulika kwa tochi ya simu. Halafu akaniita.

"Bibi, njoo uone. Au unaogopa kuona mgonjwa?"

"Nimezaa saba," nikamwambia. "Nionyeshe."

Kulikuwa na mkanda mweusi mle ndani, una meno kwa upande wa chini, na mgongoni una nyufa kama visigino vya mkulima mwezi wa saba.

"Huu ndio mkanda wa taiming," akasema. "Ndio unaopatanisha injini, ya juu na ya chini ziende pamoja. Vali zifunguke kwa wakati wake, pistoni zipande kwa wakati wake. Ukikatika, kila mmoja anakwenda anavyotaka. Zinagongana, vali zinapinda, injini imekwisha."

"Na kabla haujakatika unalia vipi?"

Akanitazama kama hakunielewa. "Haulii, bibi. Huu ni mpira. Unahesabu kilomita, zikifika unautoa hata kama unauona mzima. Ukingoja useme, utakuta umeshalala barabarani."

"Hausemi hata kidogo?"

"Hata kidogo. Labda cheni. Cheni ndiyo yenye mdomo, inalalamika mwezi mzima. Sasa na wenye magari wa siku hizi, akisikia kelele anaongeza redio."

Neema akacheka sana. Shabani naye akacheka, akaniuliza, "Bibi, mambo ya injini kulia umeyajulia wapi? Ulikuwa dereva nini?"

Nikarudi kwenye benchi nikakaa. Walidhani ni jua. Lakini jua la Mbalizi mimi nimelizoea. Ni hofu ile. Nilikuwa sijakutana nayo kwa miaka mingi, na imekuja vilevile kama ilivyokuwa. Nilikataa kupanda lile gari mpaka mkanda mpya ufungwe mbele ya macho yangu. Neema akaniona mzee msumbufu. Wewe nitakueleza, kwa sababu umekaa unanisikiliza.

Nilizaliwa juu milimani, upande wa Kilolo, kwenye misheni moja iliyokuwa nusu siku kwa miguu kutoka Ilula. Ilikuwa ni miaka michache baada ya uhuru. Misheni ilikuwa na kanisa la matofali ya kuchoma, shule ya madarasa manne, zahanati yenye vitanda sita, na gari moja. Gari hilo lilikuwa la kijani, turubai nyuma, viti viwili vya mabati vimetazamana. Kutoka kwetu mpaka Iringa mjini hapakuwa na gari jingine la kumbeba mgonjwa. Na dereva wake alikuwa baba yangu, Zakaria.

Hujui baridi kama hujaamka kule mwezi wa sita. Ukungu unaingia mpaka jikoni. Mama yangu, Tulinagwe, alikuwa akiamka kwanza, anapuliza moto, anaweka uji wa ulezi, na moshi unachanganyika na ukungu hata huoni ng'ombe amesimama wapi. Nasikia mpaka leo harufu ya ule uji, na ya majani ya maboga yaliyolala na karanga tangu jana, na jogoo wa mama Damari anayewika kwa kujikaba. Halafu juu ya yote hayo, harufu ya petroli. Maana kila asubuhi, kabla sijala, nilikuwa na kazi yangu.

Baba alikuwa hasikii.

Ngoja nilieleze vizuri hilo, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Kabla ya kuwa dereva, baba alilipua mawe kwa baruti walipokuwa wanachonga barabara. Baruti ikamla masikio kidogokidogo. Nilipopata akili alikuwa bado anasikia ukimpigia kelele karibu. Nilipofika miaka minane alikuwa anasoma midomo tu, na watu hawakujua, kwa sababu alikuwa mtu mpole wa maneno machache, na mtu wa namna hiyo akikaa kimya wanasema ana busara. Mama alijua. Mimi nilijua. Ndugu zangu walikuwa wadogo. Basi, watu wawili tu. Maana dereva asiyesikia ataachiwa gari na nani?

Mimi nikawa masikio yake. Alinifundisha. Asubuhi anapiga hendeli, injini inawaka, ananifunga kitambaa kichwani kiwe kimebana ili feni isije ikakamata nywele, ananipa mwiko wa mama, ule wa kusongea ugali. Ncha ya mpini naigusisha kwenye bati la mbele ya injini, mahali alipochora alama ya chaki. Ule upande mpana nauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Jaribu siku moja utaona. Mti unabeba sauti yote. Unasikia injini kama mtu anaongea ndani ya kichwa chako.

"Nyuma ya bati hili kuna cheni," aliniambia. "Inazungusha injini ya juu kwa ya chini. Asubuhi, oili ikiwa bado haijapanda, itapiga. Chwa, chwa, chwa. Usiogope. Wewe hesabu. Ukifika mia haijanyamaza, niambie."

Kuhesabu mpaka mia sikujifunzia shuleni. Nilijifunzia pale, vidole vimekufa ganzi, sikio kwenye mwiko. Kawaida nilikuwa nikifika thelathini, arobaini, cheni inanyamaza, inabaki sauti laini kama mtu anapepeta ulezi. Hapo naondoa mwiko, namtazama baba, natikisa kichwa kumkubalia. Nzima. Baba anafunga boneti. Hatukuwa tunasema neno, kwa sababu mara nyingi Mzee Yeremia alikuwa amesimama pale pembeni na koti lake refu. Mzee Yeremia alikuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyeshika funguo na safari zote za gari. Watu wakimuuliza baba kwa nini mtoto wa kike anasikiliza injini, anasema, "Ana masikio makali huyu, kuliko yangu." Na wala hakuwa anadanganya.

Mama alikuwa akilalamika. "Zakaria, huyu ni mtoto au ni spana?" Na mchana tukikaa kula, anameza tonge, anakunja uso: "Leo ugali umetoka gereji." Baba anamsoma midomo, anacheka bila sauti. Mwishowe alimchongea mwiko mwingine, lakini mama akaapa kwamba nao unanuka.

Safarini vilevile nilikuwa nakwenda naye kila siku ambayo hakuna shule, na nyingine ambazo shule ipo. Kazi yangu iliyojulikana ilikuwa kushika debe la maji ya rejeta. Kazi yangu ya kweli ilikuwa paja la baba. Nikimgusa mara moja, kuna gari nyuma linapiga honi. Nikimgusa mara mbili, kuna mtu anamwita. Anageuka, anamtazama mtu mdomoni, anajibu. Tulifanya hivyo zaidi ya mwaka, hakuna aliyetushtukia.

Baba alikuwa na neno lake alilopenda kuniambia tukiwa wawili: gari linasema kabla halijakuua. Sasa fikiria, mtoto wa miaka tisa, unaambiwa kwamba litasema, na wewe peke yako ndiye unayesikia. Nilikuwa naota ile cheni. Naota nimefika mia, nimefika mia mbili, nafungua mdomo kumwambia baba na sauti haitoki.

Mwaka huo gari lilisumbua. Liliharibika breki, likaharibika springi, likalala Iringa karibu mwezi. Lilipolala, mzee mmoja wa kijiji cha jirani alibebwa kwa machela kwenda Ilula akafia njiani, na watu wakasema maneno. Ijumaa moja nilikuwa nimeinama chini ya dirisha la ofisi ya misheni nachuma mchicha wa porini, nikamsikia Mzee Yeremia ndani anamwambia mhasibu, "Zakaria ni mtu mwema, lakini gari haliponi mkononi mwake. Likilala mara moja nyingine, tutafute dereva mwingine."

Sikumwambia baba. Sikumwambia mama. Nilikwenda nyumbani na mchicha wangu na lile neno, nalo likakaa ndani yangu kama jiwe.

Siku ya pili yake, Jumamosi, saa moja asubuhi, wakaja kugonga. Atupele, mke wa mwalimu wetu, alikuwa kwenye uchungu tangu jana, na mtoto amekaa vibaya. Mwalimu mwenyewe alikuwa Mbeya kwenye mafunzo. Atupele alikuwa Mnyakyusa, mrefu, mcheshi, kila akipita kwetu ananisalimia kwa kwao, "Ugonile, Sikitu!" na mimi namjibu kwa Kihehe, "Kamwene!" na tunacheka kama watu tuliotukanana. Mkunga wetu, mama Damari, alikuwa mwanamke mnene asiyepiga kelele ovyo. Asubuhi ile alikuwa anapiga kelele. "Huyu si wa hapa! Huyu ni wa kupasuliwa! Iringa, sasa hivi!"

Baba akapiga hendeli. Injini ikawaka. Akanifunga kitambaa, akanipa mwiko.

Chwa, chwa, chwa.

Nikaanza kuhesabu. Nyuma yangu walikuwa wanamtoa Atupele zahanati, wamemshika mabegani, anaguna kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu. Arobaini. Hamsini. Cheni inapiga. Wanaweka godoro. Themanini. Mzee Yeremia amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ananitazama mimi, si gari. Mia. Cheni inapiga. Nikasema labda nimeruka namba, nikaanza upya. Nikafika mia mara ya pili. Na haikuwa chwa, chwa tena. Ilikuwa na kitu kingine ndani yake, kama mnyororo wa mbwa unaoburutwa kwenye bati.

Baba akaniinulia nyusi.

Ndugu yangu, mimi nimezika mume, nimezika watoto wawili. Lakini ukiniuliza ni wapi niliogopa kuliko pote, nitakupeleka pale, kwenye ukungu ule, na mwiko mkononi. Nikisema ni mbovu, gari linalala, na baba kazi yake imekwisha leo, na Atupele anabebwa kwa machela kama yule mzee. Nikisema ni nzima, itakuwaje? Sikujua. Ndicho kilichonitisha, kwamba sikujua.

Nikatikisa kichwa. Nzima.

Baba akanitazama kitambo kidogo, akafunga boneti.

Tukapakia. Nyuma, Atupele kwenye godoro na mama Damari amepiga magoti. Mbele, baba kwenye usukani, mimi katikati na debe langu, Mzee Yeremia mlangoni. Tukashuka.

Ile njia ya kutoka kwetu mpaka barabara kubwa ni mteremko karibu wote, kona juu ya kona, korongo upande wa kushoto, na chini kabisa unaona mashamba ya Ilula kama viraka vya nguo. Siku nyingine niliipenda. Siku ile niliona korongo tu. Na nilijifunza kitu ambacho baba hakuwahi kunifundisha, kwamba cheni iliyolegea inapiga zaidi ukiondoa mguu kwenye mafuta. Kwenye mteremko, kila baba akiachia mafuta ili gari lijizuie, ile cheni inajipiga ukutani, kra, kra, kra, mpaka nikashangaa kwamba Mzee Yeremia hashtuki. Lakini yeye hakujua anasikia nini. Kwake gari lote lilikuwa kelele.

Nilihesabu. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nilihesabu mpaka mia, naanza tena. Nilimwomba Mungu ainyamazishe. Nilimtazama baba, naye alitazama mbele tu, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile, linashuka shavuni mpaka kwenye kola. Nikasema ni kwa ajili ya Atupele. Mkono wangu ulikuwa juu ya paja lake na hatukuwa na alama ya jambo lile. Honi, mara moja. Mtu anaita, mara mbili. Cheni inakufa, hatukuwahi kuwekeana.

Karibu na mwisho wa mteremko mama Damari akapiga kelele kutoka nyuma. "Zakaria! Polepole! Mkono wa mtoto umetoka!"

Baba akaendelea vilevile.

"Zakaria! Nimesema polepole, utamuua!"

Nilitakiwa kumgusa mara mbili. Mkono haukwenda. Ulikuwa umekauka pale pajani kama si wangu, kwa sababu wakati huohuo nilisikia cheni imebadilika, imeacha kuburuta, sasa inagonga, ka, ka, kama mtu aliyefungiwa ndani.

Mzee Yeremia akageuka. "Zakaria, unaitwa."

Baba macho yako barabarani.

"Wewe Zakaria! Hujasikia?"

Nikapiga kelele. Sikuamua, ilitoka tu. "Baba, simama! Cheni inakatika!" Niko karibu naye kiasi kwamba mate yangu yalimrukia shingoni. Na baba, mbele ya Mzee Yeremia, mbele ya mama Damari, hakugeuka. Hakusikia. Ikabidi nipitishe mkono wangu mbele ya uso wake, hapo ndipo akashtuka, akaona mdomo wangu, akakanyaga breki.

Tukasimama. Akazima injini. Atupele akabaki peke yake analia.

Mzee Yeremia alimtazama baba, akanitazama mimi, akatazama mkono wangu juu ya paja. Akasema taratibu, si kwa hasira, "Huyu mtu hasikii."

Baba alikuwa anautazama mdomo wake muda wote, nadhani alielewa kila neno.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Barabara kubwa ilikuwa pale chini, hatua kama mia tatu. Mzee Yeremia, na uzee wake wote, alikimbia na koti lake akasimama katikati ya barabara amenyoosha mikono. Lori la mbao likasimama. Dereva wake alikuwa Salumu, mtu wa Iringa mjini, Mwislamu, nilimwona mara moja tu maishani. Alipoona hali ilivyo hakuuliza swali. Walimbeba Atupele na godoro lake, wakamweka juu ya mbao, mama Damari na Mzee Yeremia wakapanda naye, na Salumu akasema, "Bismillah, mama, shika mbao hizo, nazijua barabara hizi kuliko mke wangu." Atupele, katika hali ile, alicheka. Naapa alicheka. Halafu lori likaondoka.

Tukabaki mimi na baba. Alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Wanawake waliokuwa wanauza nyanya na njegere kando ya barabara walikuja, mmoja akatupa mahindi ya kuchoma. Baba alinimegea nusu. Hakuniuliza kitu chochote. Nilingoja aniulize mpaka jua likahama, nikala mahindi yangu na machozi.

Atupele alipasuliwa siku ileile. Alipona. Mtoto alikuwa wa kike, mkono wake ulivimba wiki nzima ukarudi, wakamwita Tupokigwe. Gari lilivutwa mpaka Iringa, na fundi alipofungua lile bati la mbele alikuta cheni imekula chuma kinachoikaza, imekula na bati lenyewe, na pini moja imetoka nusu. Akasema kona mbili zaidi tu, basi. Mzee Yeremia alikuja nyumbani kutueleza haya, akanishukuru mimi mbele ya wazazi wangu, akaniletea sukari kwenye karatasi. Halafu akamwomba baba funguo. Alizipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, nami nadhani ilikuwa bora angezinyakua.

Ndivyo ilivyokwisha. Baba akawa mkata mbao, kazi isiyotaka masikio. Mimi shule nikaiacha mwaka uliofuata, ada ilikuwa imekuwa tabu. Asubuhi kukawa hakuna hendeli wala petroli, na mama akapata mwiko wake. Hakulalamika tena kuhusu ugali, na ningependa angelalamika. Niliolewa Mbeya, nikazaa, nikazeeka. Miaka yote hiyo nilikuwa na maneno mawili ndani yangu yanayopigana. La kwanza, kwamba nilikubali mbele ya baba kwa uongo na nusura niwaue watu wanne na mtoto wa tumboni. La pili, kwamba nilipiga kelele nikamvua nguo mbele ya watu. Sikuweza kujua niombe msamaha kwa lipi.

Siku hizi misheni ile ina magari matatu, barabara imechongwa upya, na mitaani Iringa hakuna anayemwekea mtoto mwiko sikioni. Shabani wa Mbalizi anachomeka waya kwenye gari la Neema na simu inamwandikia ugonjwa. Atupele ameshafariki, mama Damari ameshafariki, Mzee Yeremia siku nyingi. Salumu sijui. Sauti ile, nikifa mimi, hakuna atakayeijua tena.

Baba aliishi mpaka uzee mkubwa. Mwaka mmoja kabla hajafariki nilikwenda kumwona. Alikuwa kwa mdogo wangu Festo, pale Ilula, na tulikaa juani nyuma ya nyumba tunapukuchua mahindi. Alikuwa hasikii hata radi. Akaanza kuongea, polepole, bila kunitazama.

"Sikitu. Siku ile ya Atupele, ulitikisa kichwa."

Nikaacha hindi nililolishika.

"Ile cheni niliisikia kwa mguu," akasema. "Tangu tulipotoka kwenye geti. Pedali ilikuwa inatetemeka kama mtu mwenye homa. Nilijua kwamba umenidanganya."

Nikamshika kidevu nikamgeuza, aone mdomo wangu. "Sasa kwa nini hukusimama, baba?"

Alipukuchua mstari mzima wa lile hindi, punje moja moja, kabla hajajibu.

"Ulipotikisa kichwa nilifurahi," akasema. "Nikasema moyoni, mtoto amesema ni nzima. Basi ni nzima."

Tukaendelea kupukuchua. Nilikuwa nimedhani maisha yangu yote kwamba ndani ya gari lile niliogopa peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili, bega kwa bega, tunateremka, na kila mmoja anamngoja mwenzake aseme.